Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya kuimba ya televisheni: tuonyesheni kura za mchujo

Kwa waandaaji, majaji, wadhamini na wakuu wa vipindi wa vituo vinavyorusha mashindano ya kuimba Afrika Mashariki,

Ndugu waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mtazamaji ambaye kwa miaka mingi amekaa mbele ya televisheni usiku wa mchujo, akapiga kura kwa salio lake mwenyewe, na kila mshiriki alipoaga akabaki na swali lile lile: ni kura ngapi zilizomwondoa? Ombi langu kwenu ni hilo tu, na yote nitakayoyasema hapa chini yanalihusu. Kila mara mnapomwondoa mtu jukwaani kwa kusema kwamba watazamaji wameamua, tuonyesheni watazamaji hao walichoamua. Sitalitaja kwa jina shindano lililonifanya nishike kalamu wiki hii, kwa kuwa ninayoyalalamikia yanapatikana karibu katika mashindano yote tunayoyatazama, na nisingependa mmoja wenu aonekane mkosaji wakati wengine wanafanya vivyo hivyo.

Nianze kwa kukiri jambo ambalo ninyi wenyewe mnalijua: mashindano haya ni mali kubwa kwa muziki wetu. Tusker Project Fame ilipoanza mwaka 2006 na Valerie Kimani wa Kenya akawa mshindi wa kwanza, wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza vijana wa nchi jirani wakiishi nyumba moja, wakifundishwa sauti, pumzi na namna ya kusimama jukwaani, kisha wakiimba na bendi mbele ya kanda nzima. Bongo Star Search, iliyoasisiwa na Rita Paulsen, imepita mikoani ikisikiliza vijana ambao hakuna studio ingewafungulia mlango, na kutoka huko tumewapata watu kama Walter Chilambo, mshindi wa mwaka 2012, ambaye leo sauti yake inasikika katika nyimbo za Injili nchi nzima. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayetaka vipindi hivi vife. Ninaandika kwa sababu ninavipenda, na kwa sababu naona namna mchujo unavyoendeshwa ikiwakatisha tamaa watazamaji walewale wanaovipa uhai.

Tazameni kilichotokea katika mchujo wa Jumapili iliyopita. Washiriki watatu waliwekwa kikaangoni, yaani mmoja wao alikuwa atolewe usiku ule. Mmoja wao, binti aliyeimba wimbo wa zamani wa taarabu akiwa na mpiga udi mmoja tu nyuma yake, alikuwa ameambiwa na majaji wote, dakika chache kabla, kwamba usiku ule hakuna aliyemfikia. Taa zikapunguzwa, ngoma ikaanza kudunda taratibu, mwendeshaji akafungua bahasha, akanyamaza, akatuambia tusiende mbali, yakaja matangazo ya biashara. Tuliporudi watatu wale walikuwa bado wamesimama palepale, yule binti akiwa ameushika mkufu wake kwa vidole viwili kama mtu anayehesabu shanga. Kisha jina lake likatajwa. Akapewa kipaza sauti ili aage kwa kuimba, na kabla hajamaliza ubeti wa kwanza majina ya wadhamini yakaanza kupanda kwenye kioo na kuufunika uso wake. Hatukuambiwa amepata kura ngapi, wala aliyemshinda alimzidi kwa kiasi gani, wala kama maneno mazuri ya majaji yalikuwa na uzito wowote katika hesabu ya mwisho. Tuliambiwa tu kwamba sisi ndio tuliomtoa.

Sidai kwamba binti yule alionewa. Huenda kweli hakupigiwa kura za kutosha. Wimbo wa taarabu una wapenzi wake, na wapenzi hao si lazima wawe ndio wanaokesha na simu mkononi. Ninachosema ni kwamba hakuna mtazamaji hata mmoja anayeweza kujua, na mahali ambapo hakuna anayejua, kila mtu hujaza pengo kwa dhana yake. Asubuhi yake nilisikia kwenye daladala kwamba ametolewa kwa sababu mdhamini hapendi taarabu, kwamba mshiriki mwingine ni ndugu wa bosi, na kwamba matokeo yalishapangwa tangu Alhamisi. Wote waliosema hivyo walisema kwa uhakika mkubwa. Mngekuwa mmeonyesha namba, mazungumzo yale yangekuwa juu ya uimbaji.

Mfano unaonisukuma zaidi kudai namba unatoka mbali, lakini ni mfano unaotuhusu. Mwezi Julai 2019, nchini Korea Kusini, fainali ya shindano la Produce X 101 la kituo cha Mnet ilichagua vijana 11 wa kuunda kundi jipya, na waandaaji walitangaza hadharani idadi ya kura za kila mmoja. Watazamaji wakazichukua namba zile, wakazipanga, wakaanza kutoa. Wakakuta kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 29,978, na kati ya wa tatu na wa nne ilikuwa kura 29,978, na tofauti hiyohiyo ikajirudia tena na tena chini ya orodha. Kura za mamilioni ya watu haziwezi kujipanga hivyo zenyewe. Watazamaji walikwenda kwa vyombo vya sheria, polisi wakapekua, na mtayarishaji mkuu, Ahn Joon-young, akakiri kuchezea matokeo. Mei 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka 2 jela. Kundi lililoundwa na fainali ile lilikuwa limeshavunjwa mwezi Januari mwaka huo, yaani hata vijana waliopita, ambao pengine baadhi yao walistahili kabisa, walipoteza kila kitu. Na Novemba 2020 mahakama ya rufaa ya Seoul iliyataja hadharani majina ya washiriki 12 waliokuwa wameonewa katika misimu mbalimbali ya shindano hilo, ili angalau ijulikane kwamba hawakushindwa kwa sauti zao.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu mtu anaweza kulisoma kinyume, akasema: kumbe kuonyesha namba ndiko kulikowaponza. Mimi nalisoma hivi: kama namba zisingetolewa, wale 12 wangeishi maisha yao yote wakiamini kwamba nchi iliwakataa. Mwandaaji mwaminifu hana cha kupoteza kwa kuonyesha hesabu, kwani hesabu hiyo ndiyo itakayomtetea siku uvumi utakapomzukia. Ninyi ambao mnahesabu kura kwa haki, na ninaamini ndio wengi, leo hii hamna namna yoyote ya kuuthibitishia umma kwamba mko tofauti na wale wasiohesabu. Neno lenu tu ndilo mlilonalo, na neno lenu lina uzito uleule wa neno la mlaghai hadi pale mtakapoweka karatasi mezani.

Na msidhani kwamba matatizo haya ni ya nchi moja. Nchini Uingereza, mwezi Mei 2008, mamlaka ya usimamizi wa mawasiliano, Ofcom, iliitoza kampuni ya televisheni ya ITV ya huko faini ya pauni milioni 5.675 kwa kasoro za upigaji kura kwa simu katika vipindi vyake, na miongoni mwa vipindi vilivyohusika kulikuwa na shindano la kuimba, Soapstar Superstar, ambamo chaguo la watazamaji kuhusu nyimbo lilipuuzwa na watayarishaji. Watu walikuwa wamelipia simu zile. Hilo ndilo lililoifanya kasoro iwe kubwa: mtu akikuuzia kura, ameuza kitu, na kitu hicho lazima kifanye kazi iliyoahidiwa.

Hapa kwetu nasi tunalipa. Meseji ya kwenda namba fupi ya shindano inakatwa zaidi ya meseji ya kawaida, na fedha hizo hugawanywa kati ya kampuni ya simu, wenye mfumo wa kupokea kura na waandaaji. Sina ugomvi na biashara hiyo. Kipindi kina gharama, bendi inalipwa, jukwaa linalipwa, taa zinalipwa. Lakini bei ya kura hupita chini ya kioo kwa herufi ndogo zinazokimbia, na mama yangu mkubwa, ambaye hakosi kipindi, hajawahi kuiona hata siku moja. Bei itamkwe na mwendeshaji, kwa sauti, kila anapotuhimiza kupiga kura. Na anayepiga kura baada ya muda kufungwa aambiwe kwamba amechelewa na asikatwe salio.

Najua hoja mtakayonijibu nayo, na ni hoja nzito. Mtasema kwamba namba zikitangazwa kila wiki, ushindani utaharibika: mashabiki wa anayeongoza watalegea wakidhani kazi imekwisha, mashabiki wa aliye chini watakata tamaa, na anayeonekana kuongoza kwa mbali atageuzwa adui wa wote. Ndiyo maana shindano la kuimba la The X Factor la Uingereza lilikuwa ikitoa takwimu za wiki zote baada tu ya fainali, na mwaka 2010, kwa mfano, takwimu hizo zilionyesha kwamba mshindi, Matt Cardle, alikuwa ameongoza karibu kila wiki bila yeye wala wapinzani wake kujua. Utaratibu huo ni bora mara nyingi kuliko ukimya tulionao sisi, na kama mtauchukua jinsi ulivyo nitashukuru. Lakini nadhani tunaweza kufanya vizuri zaidi bila kuharibu utamu. Katika kila mchujo, onyesheni asilimia za wale walio kikaangoni peke yao, baada ya jina kutajwa, na muache mpangilio wa walio juu uwe siri hadi mwisho. Anayeondoka atajua ameondoka kwa pengo la asilimia moja au ishirini, na sisi tutajua hivyo hivyo. Baada ya fainali, toeni jedwali zima, wiki kwa wiki, likiwa na sahihi ya mkaguzi wa hesabu ambaye si mwajiriwa wenu wala wa mdhamini.

Mtasema pia kwamba ni aibu kumwonyesha kijana hadharani kwamba amepata asilimia mbili. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, na ninaiheshimu, ila nadhani inakosea juu ya kinachoumiza. Kijana aliyetolewa bila maelezo hurudi mtaani akiulizwa na kila mtu, "Kulikoni?" na yeye hana jibu. Namba, hata ikiwa ndogo, ni jibu.

Kuna jambo jingine ambalo namba pekee hazitalitibu, nalo ni mtu mmoja kupiga kura mia tano. Katika mashindano yetu mengi hakuna kikomo. Mnatuhimiza tupige "mara nyingi uwezavyo", na matokeo yake ni kwamba mjomba mwenye duka la jumla huweza kumbakiza mpwa wake jukwaani kwa wiki tatu, wakati kijiji kizima chenye simu za vocha za mia tano hakiwezi. Hili halina ulazima. Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya ambalo ni kubwa kuliko mashindano yetu yote yakiwekwa pamoja, kwa miaka mingi iliweka kikomo cha kura 20, kilichopunguzwa hadi 10 mwaka 2026, inawakataza watazamaji kuipigia nchi yao wenyewe, na hutoa mchanganuo kamili wa kura za majaji na za watazamaji wa kila nchi mara fainali inapomalizika. American Idol ya Marekani ilipofungua upigaji kura kwa intaneti mwaka 2011 iliweka kikomo cha kura 50 kwa mtu. Mimi ningependekeza kumi kwa kila namba ya simu, lakini hata mkichagua hamsini, kiwepo kikomo na kitangazwe.

Wapo wanaosema kwamba kwetu hakuna haja ya mambo hayo kwa sababu watu watapiga kura kwa kabila, kwa mkoa au kwa nchi hata mfanye nini. Siwaamini, na historia haiwaungi mkono. Tusker Project Fame ilikuwa ikipigiwa kura na Wakenya, Waganda na Watanzania, ambao kwa wingi wao wangeweza kuwafunika majirani wadogo kila mwaka. Hata hivyo mwaka 2009 alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na mwaka 2013 alishinda Hope Irakoze wa Burundi. Rwanda na Burundi hazikuwashinda wengine kwa idadi ya simu. Maelfu ya watu wa nchi nyingine waliwapigia kura vijana wasio wao kwa sababu waliwasikia wakiimba. Watazamaji wa kanda hii wana masikio, na wanastahili kuaminiwa kwa kiwango hicho hicho wanachoombwa kuchangia.

Kuhusu majaji nitasema machache, kwa kuwa wao wenyewe mara nyingi ni watu wa haki wanaowekwa mahali pagumu. Tuambieni tangu wiki ya kwanza alama zao zina uzito gani: nusu, robo, au hazihesabiwi kabisa. Kama hazihesabiwi, basi maoni yao ni ushauri kwa mshiriki na kwetu, na si vibaya, ila tusidanganywe kwa vibao vya alama vinavyoinuliwa juu halafu havihesabiwi popote. Na kama mtawapa nafasi ya kumwokoa mshiriki aliyeangushwa na kura, iwekwe kwa masharti yanayojulikana. American Idol ilianzisha utaratibu huo mwaka 2009: majaji wote walitakiwa kukubaliana, waliweza kuutumia mara moja tu kwa msimu, na baada ya kuutumia washiriki wawili walitoka katika mchujo uliofuata. Mwaka 2011 waliutumia kwa Casey Abrams, na wiki mbili baadaye Pia Toscano, aliyehesabiwa miongoni mwa sauti kali za msimu ule, akaangushwa akiwa wa tisa, na hapakuwa tena na la kufanya. Watu walilalamika sana. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilibadilishwa usiku ule, kwa sababu kila mtu aliijua. Kwetu nimeona mshiriki akiokolewa kwa utaratibu ambao haukuwahi kutajwa tangu msimu uanze, na msimu uliofuata utaratibu huo ukasahaulika kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Tunapolalamika huwa mnatukumbusha habari za mwimbaji wa Marekani, Jennifer Hudson: alitolewa American Idol akiwa wa saba, Aprili 2004, na mwaka 2007 akapokea tuzo ya Oscar. Hapa kwetu mnamtaja Peter Msechu, aliyemaliza wa pili katika Tusker Project Fame nyuma ya Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010 na bado akajijengea jina. Ni kweli, na ninafurahi kwa ajili yao. Lakini mafanikio ya mtu baada ya kutolewa hayajibu swali la kama alitolewa kwa haki. Na habari ya Hudson ina upande ambao mngefaa kuutazama zaidi: usiku wa upigaji kura dhoruba kali ilipita jimbo la Illinois, ambako ndiko kwao, maelfu ya nyumba zikakosa umeme, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba kura zake zilipotea gizani. Huko kwao dhoruba ni tukio la siku moja. Kwetu umeme hukatika mkoa mzima katikati ya kipindi, mtandao wa kampuni moja hulala saa nzima, meseji hufika kesho yake asubuhi ikiwa na ujumbe wa kushukuru kwa kura yako, na mchujo huendelea kama kawaida. Wekeni kanuni: kukitokea hitilafu kubwa inayothibitishwa na kampuni ya simu, muda wa kura uongezwe au mchujo uahirishwe hadi wiki ijayo na watoke wawili. Hakuna atakayewalaumu kwa hilo.

Tena nawaomba, kwa moyo wote, muwaache wanaoondoka waage. Dakika tatu hazitafilisi kituo. Mshiriki aliyelala nyumba ya mashindano wiki nane, akaacha kazi au masomo, akafundishwa wimbo mpya kila Jumatatu na kuuimba mbele ya nchi kila Jumapili, amalize ubeti wake wa mwisho bila majina ya wadhamini kumpitia usoni. Majina hayo yanaweza kuonekana baadaye, na nina hakika wadhamini wenyewe wangekubali kama wangeulizwa.

Msimu huu bado una michujo minne kabla ya fainali, kwa hiyo kuna muda. Ninaomba kwamba Jumapili ijayo, kabla ya namba za kura kufunguliwa, mwendeshaji asome hewani mambo matano kwa Kiswahili kinachoeleweka: bei ya kura moja, kikomo cha kura kwa kila simu, saa ya kufungwa, uzito wa alama za majaji, na jina la mkaguzi. Kisha baada ya mchujo zionyeshwe asilimia za waliokuwa kikaangoni. Kama kuna sababu ya kimkataba au ya kiufundi inayozuia lolote kati ya hayo, tuelezeni sababu hiyo, nasi tutaipima. Nitakuwa ninatazama, na simu yangu itakuwa na salio.

Wenu katika kuupenda muziki,

Mtazamaji, Tanga